BEASTARS ya Paru Itagaki: nusu ya kwanza ni kazi kubwa, nusu ya pili tuijadili (uzi mrefu)

Msomajikatuni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila ukifunguliwa uzi wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) humu, majina ni yale yale: maninja, maharamia, vijana wa kurusha ngumi. Leo naomba tuijadili BEASTARS. Wengi wameionja anime yake (katuni ya video) Netflix wakaishia hapo, na wengine waliizima dakika ya kwanza wakidhani ni katuni ya watoto kwa kuwa wahusika wote ni wanyama. Si ya watoto. Kuna mauaji, kuna mambo ya chumbani, na kuna nyama inayouzwa ambayo jana ilikuwa na jina na familia. Mwenye mdogo wake wa darasa la nne asimwekee.

Tahadhari: nitataja yanayotokea, pamoja na muuaji ni nani. Asiyetaka kujua arudi baadaye.

Kwanza taarifa fupi kwa wageni. Mwandishi na mchoraji ni Paru Itagaki, mwanamke aliyezaliwa 1993. Hadithi ilitoka kila wiki kwenye gazeti la Weekly Shonen Champion la kampuni ya Akita Shoten, kuanzia Septemba 2016 hadi Oktoba 2020. Jumla sura 196, majuzuu 22. Mwaka 2018 ilizoa tuzo kama mvua: Manga Taisho, tuzo ya Kodansha kwenye kundi la shonen (manga za vijana wa kiume), na tuzo ya msanii chipukizi kwenye zile zinazobeba jina la Tezuka Osamu. Mwenyewe akitokea hadharani huvaa kichwa cha kuku. Baba yake ni Keisuke Itagaki, mchoraji wa Baki, aliyekuwa akichora gazeti hilo hilo, na binti hakutaka kujitangaza kwa jina la baba. Ukiiweka kazi ya baba na ya binti pembeni, huoni kubebwa kokote. Mmoja anachora misuli, mwingine anachora aibu.

Sasa dunia yenyewe. Wanyama wanavaa suruali, wanapanda treni, wanasoma, wanapanga vyumba. Wala nyama na wala majani wanaishi mji mmoja na sheria inakataza kula nyama. Mla nyama anashibia soya, mayai na maziwa. Ila mjini lipo Soko la Uchochoroni, na huko nyama inapatikana: nyingine imetoka hospitali na kwenye nyumba za maziko, nyingine hakuna anayeuliza. Yupo hata mzee mla majani anayeuza vidole vyake mwenyewe, kila kimoja na bei yake. Wakubwa wa mji wanalijua soko hilo na wameliacha liwepo.

Hadithi inaanzia shule ya bweni ya Cherryton. Kurasa za mwanzo kabisa, alpaka mmoja aitwaye Tem anauawa na kuliwa usiku ndani ya shule, na aliyemla ni mwanafunzi mwenzake. Rafiki wa marehemu ni Legoshi, mbwa mwitu wa kijivu mwenye miaka 17, fundi taa wa kikundi cha maigizo. Mrefu, mgongo umepinda, mikono mfukoni, anaongea kwa kujiuma. Ana meno ya kumaliza darasa zima na anatumia nguvu zake zote kutowatisha wenzake.

Nikiambiwa nichague jambo moja linaloifanya BEASTARS iwe kazi kubwa, nasema hili: kila mnyama anaachiwa mwili wake. Itagaki hamchukui simba akamfanya mtu aliyevaa kinyago cha simba. Njaa yake ipo, harufu ipo, mkia unamfichua hata akidanganya. Maswali yote ya hadithi yanatoka mwilini: nifanye nini na mwili huu nisiouchagua wala kuuomba?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mdogo tu. Kila Jumatano Legoshi hununua sandwichi ya mayai dukani shuleni. Mayai hayo yanatagwa na Legom, kuku anayesoma naye darasa moja. Kwake ni kibarua cha kupata hela ya matumizi, na yai lake ndilo fahari yake. Siku moja anamsikia Legoshi akimwambia mwenzake kuwa sandwichi ya safari hii haikuwa na ladha kama ile aliyoizoea. Legoshi hajui kuwa mtagaji yuko pembeni yake. Basi sura nzima inamfuata kuku: anarekebisha chakula, anafanya mazoezi, anautunza mwili, ili Jumatano ijayo mbwa mwitu yule atafune na aridhike. Hakuna ngumi, hakuna damu. Ukimaliza unabaki umekaa. Je, anafurahi kuliwa? Ni biashara ya halali? Ni heshima au ni kitu cha kusikitisha? Itagaki hakujibii, anageuza ukurasa.

Mfano wa pili ni wa Haru, sungura mdogo mweupe ambaye Legoshi anampenda. Genge la simba, Shishigumi, linamteka. Legoshi anakwenda kumtoa, wanakosa treni ya mwisho, wanalala hotelini. Wote wawili wanataka kuwa pamoja. Hapo hapo mkono wa Haru unanyanyuka wenyewe na kuingia mdomoni mwa Legoshi. Hakuutuma. Mwili wake wa kuwindwa, uliorithi woga wa vizazi na vizazi, umekata tamaa kabla yake na kujitoa uliwe. Nimesoma mapenzi mengi ya vitabuni, lakini hiyo picha ya mkono mdogo katikati ya meno inasema jambo ambalo sijaliona pengine: kwamba unaweza kumpenda mtu kwa dhati na mwili wako ukawa haujapewa habari.

Niishie hapa kwanza, nitakuja na habari ya Riz, mguu wa Louis, na kwa nini naona baada ya juzuu la 11 mambo yanayumba.

Nyota_ya_Tanga

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ningeongeza uchoraji. Watu wanalalamika kuwa mistari yake michafu, mikono haijanyooka, manyoya yamekwaruzwa tu kama kwa kalamu inayoisha wino. Kwangu hiyo ndiyo raha yake. Alisomea filamu chuoni Musashino, na inaonekana: ana kurasa ambazo hazina neno, unaoneshwa sikio, halafu dirisha, halafu kucha kwenye kiti, na moyo wako unaenda mbio. Tazama sura ya igizo la shule liitwalo Adler, pale Louis, kulungu nyota wa kikundi cha maigizo, anapopanda jukwaani mguu umeumia na ameuficha. Anaanguka baada ya pazia kufungwa. Mchoraji mwenye mistari misafi angetuonesha maumivu usoni. Yeye anakuonesha kifundo cha mguu na kimya.

DaktariMifugo

Naunga mkono hoja ya mwili, na nataka niongee kama mtu anayeshika wanyama kila siku.

Huyu mama anawajua wanyama. Angalia aliyempa kazi ya daktari wa wala nyama waliozama kwenye ulevi wa nyama: Gouhin, ambaye ni panda. Panda kisayansi yuko kwenye kundi moja la ukoo na simba, mbwa na dubu. Utumbo wake ni mfupi kama wa mla nyama, lakini maisha yake yote anakula mianzi, na inambidi ale kutwa nzima kwa sababu mwili wake hauyeyushi majani vizuri. Ni nani mwingine anayefaa kumwambia mla nyama kwamba inawezekana kuishi kinyume cha tumbo lako, na kwamba gharama yake ni kubwa? Hakuandika maelezo hayo popote kwa kirefu, amekuwekea tu panda na mianzi yake.

Hata kulungu wekundu, ukoo wa Louis, si watakatifu kama tunavyodhani. Kwenye kisiwa cha Rum huko Uskoti wameonekana wakitafuna vichwa na miguu ya vifaranga wa ndege wa baharini, kwa ajili ya madini ya mifupa. Mla majani akikosa chumvi na kalisi anatafuna mfupa. Hata ng'ombe wetu wanafanya hivyo malisho yakiwa duni, wafugaji humu mtanishuhudia. Kwa hiyo mstari kati ya makundi mawili, ambao wahusika wanauapia, porini haujanyooka hivyo.

Na Riz, aliyemla Tem, ni dubu wa kahawia, mnyama anayekula mizizi, matunda, samaki, mizoga, chochote kile. Hahitaji nyama ya alpaka ili aishi. Hapo ndipo mauaji yake yanapouma zaidi.

Msomajikatuni (mleta mada)

Daktari, umenifungulia mlango wa Riz. Twende.

Riz ni mwanafunzi mpole, mnene, ananukia asali, kila mtu anamwona kama mto wa kulalia. Kwenye dunia ile dubu aliyezidi mita mbili analazimika kunywa dawa ya kupunguza nguvu. Dawa inamuumiza kichwa. Yaani serikali imemwambia: ili uishi nasi, jipunguze. Tem peke yake ndiye aliyemtazama akaona kuna mtu aliyechoka ndani ya huo upole. Riz akaamini amepata rafiki wa kumwonesha nguvu zake zilivyo, bila dawa. Akamwonesha. Tem akaogopa, kama kiumbe yeyote mdogo angeogopa. Riz akamla.

Uovu wenyewe unakuja baada ya hapo. Riz anajitengenezea simulizi: ule haukuwa uuaji, ilikuwa kilele cha urafiki, Tem alikubali, Tem sasa yuko ndani yangu. Anaitunza hadithi hiyo kwa mapenzi ya kweli. Anaposema anamkumbuka Tem, hadanganyi. Sijawahi kukutana na muuaji wa kwenye manga aliyenitia hofu ya aina hiyo, kwa sababu hana ukichaa wa kucheka na kutoa macho. Ana huzuni, na huzuni yake ndiyo anayojifichia.

Halafu Louis. Kulungu huyu, nyota wa shule, mtu wa nidhamu na majivuno, alipokuwa mtoto alikuwa bidhaa. Alifungiwa pale Uchochoroni pamoja na watoto wengine akisubiri kuuzwa kama chakula, na kwenye unyayo akapigwa chapa ya namba 4. Tajiri Oguma akamnunua akamfanya mwanawe. Maisha yake yote Louis anakanyaga aibu ile, kwa maana halisi, na hakuna anayejua. Inafika usiku wa pambano la Legoshi na Riz. Legoshi ameacha kabisa nyama, amedhoofika, atakufa. Louis anamnyooshea mguu ule wenye chapa: kula.

Na Legoshi anakula.

Hapa wasomaji tunagawanyika. Mimi naiona ni sura bora kabisa ya kitabu. Louis anaamua mwenyewe nani atapewa mwili ambao wengine waliuwekea bei. Wala haigeuki wimbo wa furaha. Damu ipo, mfupa upo, na Louis anabaki mlemavu mpaka mwisho wa majuzuu yote.

Bint Kisauni

Ndugu mleta mada, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na nitasema kwa nini.

Hadithi imetumia majuzuu kumi kutufundisha kwamba Riz alijidanganya aliposema kumla rafiki ni urafiki. Halafu mshindi anashinda kwa kumla rafiki kwa jina la urafiki. Tofauti eti ni ridhaa. Lakini ridhaa gani, ya mtu aliyesimama mbele ya wawili wanaotaka kuuana, mmoja ni rafiki yake wa pekee? Mimi nikisoma nilihisi mwandishi amelikimbia swali lake mwenyewe kwa kulifunika na machozi.

Na jingine. Unamsifu Haru wa ule mkono mdomoni. Sawa, mimi pia ile sura imenikaa. Haru wa mwanzo ni mhusika wa aina yake: sungura aliyechoka kutazamwa kama kitu cha kuvunjika, anayelala na wanaume kwa sababu kitandani peke yake ndiko anakojiona sawa na mwenzake, na wasichana wa shule wanamchukia kwa hilo. Yuko pekee kwenye klabu yake ya bustani, anamwagilia maua juu ya paa. Ni msichana mwenye hasira na mwenye ucheshi. Je, nusu ya pili yuko wapi? Anakwenda chuo, anapigiwa simu, anasubiri. Legoshi anahangaika dunia nzima "kwa ajili yake", na yeye mwenyewe hapewi la kufanya. Ukisema kazi imeyumba, anzia hapo, usianzie kwa magenge.

Mzee wa Majuzuu

Bint Kisauni ana hoja nzito kwa Haru, sina la kumpinga. Kwenye mguu lakini dada yangu kumbuka kinachofuata. Sheria ya nchi ile haikukubali hiyo ridhaa. Legoshi anaandikishwa kuwa mhalifu wa kula nyama, na mwenye rekodi hiyo haruhusiwi kuoa mla majani. Yaani kitendo kilichomwokoa ndicho kinachomfungia mlango wa Haru, na nusu ya pili yote anatafuta namna ya kuifuta rekodi hiyo. Mwandishi hakukimbia. Alimpelekea bili.

Mimi nataka niseme jambo la sisi wasomaji wa huku. Tumelelewa na ngano za wanyama. Sungura mjanja, fisi mlafi, simba mkali asiye na akili nyingi. Katika ngano kila mnyama amepewa tabia moja na atakufa nayo. Fisi hata akifunga mwezi mzima ni mlafi tu. Sasa nenda bweni la Legoshi, chumba namba 701. Humo wanalala vijana wa ukoo wa mbwa na mwenzao mmoja fisi madoa, Miguno. Nilimsubiri aibe. Nilimsubiri acheke ovyo na kuramba sufuria. Ni kijana tu, anapiga soga na wenzake, analala. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hicho kitu kidogo kina uzito ambao nadhani hata mwandishi hakuukusudia.

Kijana_wa_Kidato

Mimi naona hii ni hadithi ya ubaguzi wa rangi tu, wamebadilisha wahusika. Wala nyama ni kundi linaloogopwa bila sababu, wala majani ni wenye upendeleo. Au nakosea?

Msomajikatuni (mleta mada)

Usomaji huo ni wa kawaida, ila mimi naukataa, na nafikiri ni muhimu tuukatae. Ubaguzi wa rangi umejengwa juu ya uongo: hofu ya mbaguzi haina ukweli nyuma yake, imetengenezwa. Kwenye BEASTARS hofu ya kondoo ina ukweli. Dubu anaweza kumla, na dubu mmoja amemla mwenzao. Ukisema wala nyama ndio watu fulani wa dunia yetu, bila kutaka umesema watu hao kweli wana hatari ndani ya damu yao. Hapo unamchukua Itagaki mahali ambapo hakwenda.

Kitabu kinafungua zaidi ukikisoma kama habari ya nguvu na mwili kwa ujumla: mtu mkubwa na mtu mdogo chumba kimoja. Anayeweza kuumiza, anaishije na uwezo huo hata asipoutumia? Anayeweza kuumizwa, anapataje kupenda bila kuhesabu njia ya kutokea? Kumbuka Bill, chui milia, siku ya igizo. Anapanda jukwaani na kichupa cha damu ya sungura ili impe nguvu, anaona ni jambo dogo tu, kila mtu anafanya. Legoshi anampiga mbele ya watazamaji. Bill si mbaguzi wala si jini. Ni mwenye nguvu asiyetaka kuulizwa nguvu zinatoka wapi.

Mfano wa pili ni Sebun, yule kondoo wa merino, jirani wa Legoshi akishahama shule na kupanga chumba. Anafanya kazi ofisi iliyojaa wanaume wala nyama. Hawamli. Wanamgusa manyoya, wanamtania, wanamsahau kwenye mambo ya maana. Sura zake ni chache, ningetoa lile genge zima nikapewa juzuu moja la Sebun.

Ndiyo tunafika nusu ya pili. Dada Bint Kisauni ameshanisaidia nusu ya kazi. Ninachosikitika ni kwamba mawazo ya nusu hiyo ni makubwa kuliko ya nusu ya kwanza. Kuna Sagwan, sili anayekaa nyumba ile ile ya kupanga, ambaye kwao baharini kuliwa ni sehemu ya kuishi na hakuna anayelia. Peke yake angetosha kutikisa kila kitu Legoshi anachoamini. Kuna Gosha, babu yake Legoshi, kenge wa Komodo aliyempenda mbwa mwitu, na Leano, binti yao, mama yake Legoshi, ambaye magamba yalipoanza kumtoka alijifungia chumbani asionekane. Kuna Yahya, farasi, ambaye ndiye Beastar mwenyewe, mlinzi wa amani anayelinda amani kwa kuchukia. Na kuna Melon, mtoto wa chui na swala, asiye na pa kukaa kwenye meza yoyote.

Melon! Ni mhusika wa kujenga kitabu kizima. Legoshi anatamani kuoa sungura. Melon ndiye mtoto anayeweza kuzaliwa na ndoa ya namna hiyo, akiwa mkubwa, akiwa ameharibika. Wakikutana inapaswa iwe mazungumzo ya kutisha kuliko pambano lolote. Anaingizwa kama muuaji wa tembo anayefanya magendo ya pembe, na mimi msomaji wa nchi iliyozika tembo kwa maelfu kwa sababu ya pembe nilikaa mkao wa kula. Halafu anapewa bastola na kuwekwa mkuu wa genge la simba, na tunaanza kufukuzana. Mwili, uliokuwa swali, unageuka kuwa uwezo wa kupigania. Legoshi ana damu ya kenge kwa hiyo sumu haimdhuru, na mambo ya aina hiyo. Vita ya mwisho sokoni ina picha nzuri na haina muda. Watu walioogopana kwa majuzuu ishirini wanajibiwa kwa sura chache.

Sehemu ya lawama naipeleka kwenye ratiba. Sura 196 kwa miaka minne, kila wiki, ni mzigo, na unaona mahali ambapo mtu alihitaji wiki mbili za kufikiri akapewa siku chache. Lakini siwezi kuipeleka yote huko. Aliandika sura ya kuku kwa ratiba hiyo hiyo.

Hukumu yangu: juzuu la 1 hadi la 11, 9 kwa 10. La 12 hadi la 22, 6 kwa 10, na hiyo 6 imebebwa na Gosha, Sebun na Sagwan.

Nyota_ya_Tanga

6 ni haki. Kuhusu anime, kwa wanaouliza: studio ni Orange, wanaotumia michoro ya kompyuta, na mimi ambaye kwa kawaida aina hiyo inanichosha, hapa nimeipenda. Msimu wa kwanza 2019, wa pili mwanzoni mwa 2021, na wa mwisho ulianza kutoka Desemba 2024. Misimu miwili ya mwanzo inafika mpaka pambano la Riz. Utangulizi wa msimu wa kwanza wamefanya kwa vikaragosi halisi vinavyosogezwa picha moja moja, mbwa mwitu na sungura wanacheza dansi. Usiruke. Kinachopotea kwenye anime ni kile kimya cha kurasa, maana muziki unakuambia uhisi nini.

DaktariMifugo

Mimi nusu ya pili naipa 7, kwa ajili ya Gosha peke yake. Kenge wa Komodo kweli ana sumu mdomoni, na babu anayeishi na sumu hiyo mdomoni mwake ni jambo ambalo halihitaji genge la kulisindikiza.

Kijana_wa_Kidato

Nimewaelewa wakuu, hoja ya hofu ya kweli na ya kutengenezwa imeniingia. Naanzaje kuisoma? Naona kuna na kitabu kingine cha mwandishi huyo cha wanyama hao hao.

Msomajikatuni (mleta mada)

Hicho ni Beast Complex, majuzuu matatu ya hadithi fupi, dunia ile ile. Zile za mwanzo zilitoka mapema 2016, kabla BEASTARS haijaanza. Ushauri wangu anza na juzuu lake la kwanza. Hadithi ya kwanza ni ya simba na popo, kurasa chache tu, ikikushika utajua hii dunia ni yako. Ukiona haikugusi, usijilazimishe majuzuu 22. Tafsiri ya Kiingereza ya BEASTARS ni ya Viz, ilianza kutoka 2019. Kisha BEASTARS mpaka la 11 bila kuruka hata sura ndogo ndogo za wahusika wa pembeni, maana mara nyingi hizo ndizo bora. Hapo pumzika. Ukiendelea, endelea kwa ajili ya watu wa ile nyumba ya kupanga.

Bint Kisauni

Na akifika kwenye mguu wa Louis arudi hapa aseme yuko upande gani. Mimi bado niko pale pale: Louis alikuwa na haki ya kutoa, Legoshi hakuwa na haki ya kupokea.